Ofisi ya Pembe Tatu

Wanaosema shule yetu ilijengwa na serikali sijui walikuwa wapi mwaka ule wa sabini na saba. Bati zilitoka serikalini, hilo sibishi, na mwalimu pia. Kuta ni zetu. Na pale katikati jengo lilipopinda, ambapo wageni huuliza kama fundi alikuwa amelewa, ni kosa langu mimi Leonsia. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa jirani.

Tulihamia Mkolani kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa, mume wangu Mutayoba alipopata kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Upande wetu ulikuwa nusu kijiji, nusu mji. Nyumba za udongo zilijibanza katikati ya majabali, na hakuna aliyekuwa amepimiwa kiwanja. Majirani wengi walikuwa Wasukuma, na Wajita na Wajaluo wachache. Mimi nilishuka melini na miche minne ya migomba ndani ya gunia, wakanicheka kwamba mgomba hauoti kwenye mawe. Miwili ikashika. Hapo wakaanza kunisalimia vizuri.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Kokushubira, mtaa mzima ulimwita Koku. Alipofikisha miaka saba nilimpeleka shule iliyokuwa karibu, na karibu yenyewe ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mwalimu mkuu akasema nafasi zimejaa, watoto wa mitaa iliyopimwa wanatangulia. Mwaka uliofuata akasema hivyohivyo. Mwaka wa tatu nilibishana naye mpaka akamwita mlinzi, nami nikabishana na mlinzi. Koku alikuwa amesimama pembeni na gauni lake jipya la buluu. Tuliporudi nyumbani alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hakulia. Nililia mimi.

Baba yake alimfundisha herufi kwenye vipande vya gazeti vilivyofungia chumvi. Akajua kusoma, lakini kusoma gazeti la chumvi hakukupi cheti. Kisha ikatangazwa redioni kwamba kila mtoto wa miaka saba hadi kumi na tatu lazima aandikishwe shule. Nilipiga kigelegele. Halafu nikakaa chini nikahesabu. Koku alikuwa ametimiza kumi na tatu mwezi Machi. Januari ya mwaka uliofuata angekuwa bado na kumi na tatu, na Machi angeingia kumi na nne. Kwa hiyo mwanangu alikuwa amebakiwa na Januari moja tu.

Mwezi Juni, watu wakiwa wamemaliza kuvuna, Afisa Elimu alikuja kwenye mkutano wetu. Alikuwa Ndugu Orwa, mtu wa Shirati, mrefu wa kuinama akiingia kila mlango. Hakupoteza muda.

"Ndugu zangu, bati nilizonazo hazitoshi kila mtaa," alisema. "Mtaa utakaosimamisha kuta za jengo moja, vyumba viwili vya darasa, nitaupa bati na mwalimu wa kuanzia Januari. Nitakuja kukagua Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Nikikuta hakuna jengo, bati zitaenda kwingine, na ninyi mtasubiri mwaka mwingine."

Mwaka mwingine! Watu walipiga makofi, mimi sikupiga.

Tulikuwa na uwanja mmoja tu wa kutosha jengo, na katikati yake lilikaa jiwe refu kuliko nyumba yangu. Ndipo akasimama Getruda, mjane wa Kijita aliyeishi kwa kuponda kokoto.

"Nipeni kuni na matairi mabovu," alisema. "Jiwe hilo nitalivunja. Ila mawe yake yote ni yangu."

Watu wakakubali. Nani mwingine angeyataka?

Mutayoba alipewa kazi ya kupima msingi kwa kuwa ndiye aliyezoea rula. Alizunguka lile jiwe na kamba yake siku nzima, akachomeka vigingi vichache, akarudi akitikisa kichwa.

"Kamba haipiti ndani ya jiwe, na juu yake huoni upande wa pili," alituambia. "Tufyatue matofali kwanza. Jiwe likiisha ndipo tuvute kamba moja, tujenge."

Nampenda mume wangu, lakini ni mtu wa kupima sukari kabla ya kuitia kwenye chai. Getruda alikuwa amesema jiwe litachukua miezi miwili na zaidi. Miezi miwili! Mimi siku zangu nilikuwa nazihesabu kwa vidole. Basi nikafanya nilichofanya.

Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Mtu akishaingia kimoja hahami hata umpe ng'ombe. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Hushindana kucheza, hushindana kulima kwa kufuata ngoma, na nadhani wangeshindana hata kulala kama kungekuwa na wa kuwapima. Mzee Ndalahwa, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa kiongozi wa Bagika. Shimba, mfyatua matofali, aliongoza Bagalu.

Asubuhi nilikwenda kwa Ndalahwa.

"Shikamoo, baba balozi."

"Marahaba, Mama Koku. Za nyumbani?"

"Nzuri, ila nina uchungu. Shimba anapita akisema Bagika wanajua kutikisa mabega tu, ukiwapa tofali wanauliza linaliwaje."

Shimba hakuwa amesema neno hata moja. Mzee aliweka chini kikombe cha uji, hakukigusa tena. Kutoka hapo nikanyoosha moja kwa moja hadi kwa Shimba, nikamwambia kwamba balozi anasema Bagalu wakijenga darasa, mbuzi atalibomoa kwa kujikuna.

"Kasema nani? Ndalahwa?" Shimba alifoka. "Mama Koku, ngoja uone!"

Siku ya tatu ngoma zililia uwanjani. Bagika walichukua chumba cha upande wa ziwani, Bagalu wakachukua cha upande wa barabarani, na jiwe likabaki katikati, jembamba mbele, pana nyuma. Sijapata kuona kazi ya namna ile. Wanaume walikanyaga udongo kwa mwendo wa ngoma, wanawake wakapokezana matofali wakiimba, na wimbo wa upande mmoja ukajibiwa kwa matusi ya kuchekesha na wimbo wa upande wa pili. Mimi na Koku na wasio na ngoma tulibeba maji. Koku alichagua ndoo kubwa kuliko zote. Nilipomwambia abebe ndogo aliniambia, "Mama, hizi kuta ni zangu."

Kila upande uliweka mlinzi kwenye jiwe ili wa upande wa pili wasichungulie wamefika tofali la ngapi. Vigingi vya Mutayoba viling'olewa na miguu wiki ya kwanza, na kila upande ukajipigia vyake.

Jioni moja Mutayoba alivua viatu akavikung'uta udongo.

"Leonsia," alisema, "zile kuta hazitazamani."

"Zitatazamana jiwe likiondoka," nikamjibu, nikaendelea kumenya ndizi.

Katikati ya makelele yote hayo Getruda alifanya kazi yake bila ngoma. Alizungushia jiwe kuni na matairi, akaliacha liungue kutwa, kisha akalimwagia maji ya baridi kwa mkupuo. Jiwe lilitoa mlio wa kutisha, likapasuka ufa. Akaingiza patasi kwenye ufa, akagonga nyundo, bamba likadondoka. Kesho yake akaanza upya. Agosti ikaisha hivyo, na Septemba ikasogea.

Kuta zilifika juu, vizingiti vya milango vikawekwa, na bado siku sita tu afisa aje. Jumamosi hiyo Getruda aliangusha kipande cha mwisho. Tulikuwa watu kama mia mbili. Tulishangilia vumbi likiwa bado limetanda, tukarukaruka, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Halafu vumbi likatua.

Chumba cha Bagika kilitazama ziwa. Chumba cha Bagalu kilitazama barabara. Pembe zao za mbele zilikaribiana, pa kupita mtu mmoja, na kuanzia hapo kuta zikaachana, hadi nyuma kukawa na nafasi ya hatua sita. Kila chumba peke yake kilikuwa kizuri, kimenyooka, ungekipenda. Ila yalikuwa majengo mawili yaliyonuniana, na afisa alisema jengo moja.

Wote wakaongea kwa pamoja.

"Bomoeni!" Shimba alipaza sauti. "Mmepinda tangu msingi!"

"Tubomoe sisi tuliomaliza kwanza?" balozi akajibu. "Bomoa chako wewe, kisichojua ziwa liko wapi!"

Walibishana Jumamosi nzima. Jumapili, watu wa kanisani tulipotoka misa, tuliwakuta wanabishana bado. Jumatatu mtu mmoja alishika sululu, mwingine akashika jiwe, na wake zao wakasimama katikati wakiwa na watoto mgongoni. Nikamtafuta Koku kwa macho. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mawe ya Getruda, kwenye ile nafasi kati ya kuta mbili, ameshika ndoo tupu mapajani. Uso wake ulikuwa uleule wa siku alipokunja lile gauni la buluu.

Nilipoona uso ule sikuweza kuvumilia. Nilipanda juu ya rundo.

"Shimba hakusema neno!" nilipiga kelele. "Baba balozi, niangalie mimi. Hakusema kwamba hamjui matofali. Nilisema mimi. Na wewe Shimba, balozi hakusema habari ya mbuzi. Mbuzi ni wangu! Mume wangu alisema tusubiri kamba moja, mimi nikawachochea muanze, kwa sababu mwanangu ana Januari moja tu. Mkitaka kupiga mtu, mtu ndiye huyu."

Nilimwona Mutayoba nyuma ya watu, ameshika kofia yake.

"Kwa hiyo," Shimba alisema taratibu, "miezi mitatu nimevunja mgongo kwa ajili ya mbuzi ambaye hayupo?"

"Hayupo," nikasema.

Shimba akamtazama Ndalahwa. Ndalahwa akamtazama Shimba. Sijui nani alianza, lakini nilisikia mmoja anakohoa kicheko, mwingine akakipokea, na punde uwanja mzima ulikuwa unacheka hadi watu wanashikana wasianguke. Balozi alifuta machozi kwa kiganja.

"Mayo wee! Huyu mwanamke kutoka Bukoba," alisema, "katuchezesha ngoma yake bila hata kupiga ngoma."

Nilikaa kando ya Koku juu ya mawe. Kulia kwangu ukuta wa Bagika, kushoto ukuta wa Bagalu, mbele yetu ule upenyo mwembamba. Kulikuwa na kivuli kizuri. Nikatazama tena kulia na kushoto, nikasimama kama niliyechomwa sindano.

"Mutayoba! Hapa kumekosekana ukuta wa nyuma tu!"

Mume wangu alikuja mbio, mtu asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Alihesabu hatua za nyuma, akapima upenyo wa mbele kwa mikono yake.

"Mlango utaenea," alisema, na sauti yake ilipanda. "Ukuta mmoja nyuma, boriti moja juu ya mlango. Ni chumba, Leonsia! Kina pembe tatu, lakini ni chumba. Ofisi ya mwalimu!"

"Matofali je?" mtu akauliza. "Yameisha, na mapya hayatakauka hadi Ijumaa."

Sote tukaangalia rundo nililokuwa nimekalia. Kisha tukamwangalia Getruda. Yale mawe yalikuwa malipo yake ya miezi mitatu ya moshi na maji, na tulikuwa tumempa neno. Alikuwa ameegemea nyundo yake, kichwa kimejaa vumbi jeupe. Mimi sikuthubutu kumwomba.

"Chukueni," alisema. "Lakini ukuta huo naupanga mimi. Ninyi mmeshanionyesha mnavyonyoosha mstari."

Siku tatu zilizofuata hakukuwa na Bagika wala Bagalu. Kulikuwa na ngoma moja, na wapigaji walipokezana. Getruda alisimama juu ya ukuta akiamuru wanaume wazima, lile jiwe geuza, hilo rudisha, wewe Shimba umeleta kubwa mno, na Shimba anajibu "ndiyo, mama" na kurudi kubadilisha. Wake za Bagika walipika ugali, wake za Bagalu walileta dagaa, mimi nikapika mkungu wa ndizi kutoka kwenye migomba yangu ya kwenye mawe. Koku alijaza udongo kwenye kila upenyo uliofikiwa na vidole vyake. Alhamisi jua likielekea kuzama boriti ilikaa juu ya mlango, na balozi akawa wa kwanza kuingia ndani, akageukageuka, akatoka akisema ofisi hii ni kubwa kuliko ya Katibu Kata. Aliongeza chumvi.

Ijumaa Ndugu Orwa alishuka kwenye Land Rover na tepu yake. Alipima chumba cha Bagika, akaandika. Alipima cha Bagalu, akaandika. Alipofika katikati alisimama akakuna kidevu.

"Hiki ni nini?"

"Ofisi, Ndugu Afisa," balozi akasema.

"Kwenye mchoro wangu hakuna hiki. Mchoro wangu una jengo moja limenyooka." Alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama huku na kule. "Mimi naona majengo mawili mmeyaziba katikati. Bati zinatolewa kwa jengo moja. Mimi ningeweza kufumba macho, lakini wakubwa wangu nitawaambia nini?"

Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeahidi nyumbani kwamba leo sitasema kitu, Mutayoba aliniapisha kabisa. Nikamtazama. Mutayoba, Mungu ambariki, akaitikia kwa kichwa kuniruhusu.

"Ndugu Afisa," nikasema, "weka kiganja chako ukutani."

"Nini?"

"Weka kiganja hapo kwenye pembe, utembee uzunguke. Ukifika mlangoni pandisha mkono, pitia kwenye boriti, urefu unao. Ukifika mahali ukuta umekatika, ukalazimika kuunyanyua mkono, haya ni majengo mawili, na mimi mwenyewe nitaanza kubomoa. Ukirudi ulipoanzia mkono haujanyanyuka, ni jengo moja."

Aligeuka akatazama Land Rover yake, nikadhani ataondoka. Kisha akampa dereva karatasi zake, akakunja mkono wa shati, akaweka kiganja ukutani.

Alitembea polepole. Sisi watu mia mbili tulimfuata nyuma bila kukohoa. Alipita ukuta wa Bagika, akapanda na boriti ya mlango wao, akashuka. Akafika kwenye ule upenyo, mkono ukapanda, ukapita juu ya mlango wa ofisi, ukashuka upande wa Bagalu bila kuachia. Akakata kona. Akaja nyuma, tofali likamkabidhi kwa jiwe, na hapo alipunguza mwendo, akatafuta ufa kwa ncha za vidole kwenye kiungo cha Getruda. Akatafuta juu, akatafuta chini. Nilikuwa nimemshika Koku mkono hadi akasema namuumiza. Afisa akaendelea, jiwe likamkabidhi kwa tofali, akakata kona ya mwisho, akafika pembe aliyoanzia. Kiganja chake kilikuwa chekundu kwa udongo.

Alikitazama, akaanza kutabasamu.

"Ni jengo moja," alisema. "Na aliyepanga yale mawe ya nyuma nataka kumwona."

Getruda alipandishwa mabegani, upande mmoja Bagika, upande mmoja Bagalu, akipiga kelele ashushwe. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na kwa wiki nzima nilizungumza kwa mikono. Mutayoba alisema ilikuwa wiki nzuri sana.

Bati zilikuja Oktoba, kabla mvua haijachachamaa. Januari, Jumatatu ya kwanza ya muhula, mwalimu mgeni aitwaye Dorotea alifungua daftari lake ndani ya ofisi ya pembe tatu. Foleni ilifika hadi barabarani. Sisi tulikuwa wa kwanza, kwani tulitoka nyumbani jogoo hajawika. Lile gauni la buluu lilikuwa halimwingii tena, nikawa nimeliongeza vitambaa pembeni na chini.

"Jina la mtoto?" Mwalimu Dorotea aliuliza.

Nilifungua mdomo, lakini Koku alinitangulia.

"Kokushubira Mutayoba," alisema, akaanza kumtajia herufi moja moja, kama mwalimu ndiye angekosea.

"Umri?"

"Kumi na tatu," nikasema mimi haraka.

Mwalimu aliandika. Aliandika tu, bila kuinua macho, bila kuita mlinzi. Koku akaingia chumba cha Bagika, mrefu kuliko wote, akakaa nyuma kwenye tofali na magoti yake juu.

Nje hatukuondoka. Nani angeondoka? Shimba na Ndalahwa walikuwa wameleta ngoma zote, wakazipiga kwa pamoja, wazee wakacheza, mimi Mhaya nikacheza Kisukuma vibaya na hakuna aliyenicheka. Tulikuwa katikati ya utamu wenyewe mwalimu alipotokea mlangoni, ameshika chaki.

"Wazazi wangu, shikamooni," alisema kwa adabu. "Naomba ngoma zinyamaze. Darasa limeanza, watoto hawanisikii."

Vijiti vilibaki hewani. Ndani, sauti za watoto zilikuwa zinasoma a, e, i, o, u, na nilitambua moja kati yao, iliyokuwa ikitangulia wenzake. Mtu mmoja nyuma aligonga ngoma mara moja kwa kujisahau, nikamgeukia kwa hasira zangu zote za miaka sita.

"Hukusikia?" nikamwambia. "Nyamaza! Mwanangu anasoma."